Ferrari Ambaye Hakuunda Gari

Taja jina Ferrari kwenye korido yoyote ya hosteli na kila mtu anaona gari jekundu. Hiyo ni haki ya Enzo Ferrari wa Modena, aliyezaliwa mwaka 1898. Lakini huko Italia jina hilo halina mwenyewe mmoja. Asili yake ni uhunzi, na limeenea kule kama Masanja lilivyoenea kwetu. Simama katikati ya soko la Bariadi uite Masanja, uone wangapi watageuka. Kabla Enzo hajazaliwa alikuwepo Ferrari mwingine, mtoto wa milimani, ambaye hakuhusika na magari hata kidogo. Aliitwa Giulio. Kazi yake ilikuwa mvinyo wenye povu, ule unaofunguliwa kwa mlio kwenye sherehe za watu.

Wadau wa mbio za Formula 1 wamewahi kuona kazi yake bila kujua. Kuanzia msimu wa 2021 hadi 2024, chupa ambayo washindi walikuwa wakimwagiana jukwaani iliandikwa Ferrari, hata siku ambazo gari la Ferrari lilikuwa limeshika mkia. Wengi wakadhani ni kampuni moja. Siyo. Chupa ile ilitoka Trento, mji wa bondeni kaskazini mwa Italia, kwenye kampuni iliyoanzishwa na Giulio mwaka 1902.

Kwanza tuelewane. Kati yetu wapo wasiogusa pombe, kwa imani au kwa uamuzi wao, na makala hii haimwaliki mtu kunywa. Namleta mzee huyu kwa sababu nyingine. Alizaliwa kwenye eneo la wakulima, akaenda kusoma mbali, akajifunza kazi ambayo kwao hakuna aliyekuwa akiifanya, halafu akarudi nayo nyumbani. Kwa sisi tuliotoka Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, tuliosomeshwa kwa pamba na ng'ombe, jambo hilo si hadithi ya mbali. Ni swali ambalo kila mmoja wetu ataulizwa siku ya mahafali, hata kama muuliza swali atakuwa shangazi tu.

Mtoto wa ugali

Giulio Ferrari alizaliwa mwaka 1879 huko Calceranica, kijiji kilicho kando ya ziwa Caldonazzo, katika eneo linaloitwa Trentino. Leo hapo ni Italia. Wakati ule palikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria, ingawa wenyeji walizungumza Kiitaliano. Yaani mtoto alizungumza lugha moja nyumbani, na serikali iliyomtawala ilikuwa na lugha nyingine. Sisi tunaomwacha Msukuma nyumbani, tunasoma Kiswahili shule ya msingi, kisha tunakutana na Kiingereza sekondari, tunaweza kumwelewa.

Ukisikia Italia usifikirie utajiri. Trentino ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya milima, mashamba madogo na watu waliohama kutafuta maisha. Chakula chao kikuu kilikuwa polenta, na polenta si kitu kigeni: ni ugali wa mahindi, unasongwa kwa mwiko kwenye sufuria mpaka ushikamane. Familia nyingi maskini zilikula ugali huo asubuhi, mchana na jioni, bila kitoweo cha maana. Ugonjwa wa pelagra, unaotokana na kukosa virutubisho fulani kwa mtu anayetegemea mahindi matupu, uliwatesa sana wakulima wa kaskazini ya Italia na Trentino. Kwa hiyo mtu anayekumbukwa leo kwa kinywaji cha mezani kwa matajiri alitoka kwenye nchi ambayo ugali mkavu ulikuwa unaumiza watu.

Zabibu zilikuwepo. Mabonde ya Trentino yalilima zabibu tangu zamani, na mvinyo wa kawaida ulikuwepo wa kutosha. Tatizo lilikuwa kwamba mvinyo huo ulikuwa wa bei ndogo, na hapo likaongezeka balaa jingine. Kuanzia miaka ya 1860, mdudu mdogo anayeitwa filoksera, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, aliingia Ufaransa na kusambaa Ulaya. Anashambulia mizizi ya mzabibu mpaka unakufa. Mashamba yalikauka eneo baada ya eneo. Dawa iliyofanya kazi haikuwa ya kupulizia. Ilikuwa ni kubebesha: unachukua shina la mzabibu wa Kiamerika, ambao mizizi yake inamvumilia mdudu, kisha juu yake unabebesha kikonyo cha mzabibu wa Ulaya. Kazi hiyo ilihitaji vitalu na watu wenye ujuzi, na ujuzi ulihitaji shule.

Shule tatu na mji mmoja

Shule ya kwanza ilikuwa karibu. Mwaka 1874 ilifunguliwa shule ya kilimo San Michele all'Adige, kaskazini kidogo ya Trento. Giulio alisoma hapo. Kisha akaenda Montpellier, kusini mwa Ufaransa, ambako wataalamu walikuwa mstari wa mbele kwenye vita dhidi ya filoksera na kwenye elimu ya kubebesha. Akapita Geisenheim, Ujerumani, shule iliyosifika kwa sayansi ya zabibu na mvinyo. Halafu akaingia mji wa Épernay, Ufaransa, moyoni mwa jimbo la Champagne. Huko hakwenda kukaa darasani. Alifanya kazi kwenye maghala ambako shampeni yenyewe inatengenezwa.

Kwa lugha ya kampasi, huyu jamaa alikuwa anafanya mafunzo kwa vitendo, lakini siyo yale ya kusainiwa kitabu wiki ya mwisho. Alikwenda mahali ambapo kazi ilikuwa inafanywa vizuri kuliko popote duniani, akashika chupa kwa mikono yake.

Na huko akagundua jambo. Zabibu nyeupe iliyokuwa ikitumika Champagne, inayoitwa Chardonnay, ilipenda ardhi fulani na hewa fulani ya baridi. Giulio aliifahamu hewa ya namna hiyo, maana alizaliwa ndani yake. Trentino mchana jua linawaka, usiku upepo wa milimani unashuka na ubaridi wake. Mabadiliko hayo ya joto ni muhimu. Mchana zabibu inaiva na kupata sukari, usiku ubaridi unaifanya isipoteze uchachu wake. Na mvinyo wenye povu bila uchachu ni kama soda iliyoachwa wazi. Kwa hiyo milima ileile iliyowanyima watu wake mashamba makubwa ilikuwa na kitu cha kuwapa. Ilibaki apatikane mtu wa kukiona.

Mwaka 1902 akarudi Trento na kuanzisha kampuni yake. Alikuwa na umri wa miaka 23 hivi, umri wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesubiri matokeo ya sapu. Alileta miche ya Chardonnay, akawa kati ya watu wa kwanza kuipanda kwa wingi katika nchi ambayo leo ni Italia. Akaendesha pia kitalu cha mizabibu, na mizabibu bora ndiyo wakulima walioumizwa na filoksera waliyokuwa wakiitafuta.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye ufundi, maana bila kuuelewa hutamwelewa Giulio.

Mvinyo wa kawaida unachachuka mara moja. Hamira inakula sukari ya zabibu, inatoa pombe na hewa ya kaboni, hewa inapotea, unabaki mvinyo uliotulia. Kwa njia ya Champagne, ambayo Waitaliano leo wanaiita njia ya kijadi, mvinyo huo uliotulia unaingizwa ndani ya chupa nzito pamoja na sukari kidogo na hamira nyingine, kisha chupa inazibwa. Unachachuka mara ya pili humohumo ndani. Safari hii hewa haina pa kutokea. Inajibana kwenye mvinyo mpaka msukumo unafika kama mara sita ya ule wa hewa tunayovuta. Tairi la gari dogo halifiki hata nusu ya hapo. Ndiyo maana chupa za shampeni zina kioo kinene, na ndiyo maana kizibo kinafungwa kwa waya.

Kisha kinaanza kile kinachowashinda wengi: kusubiri. Hamira ikimaliza kazi inakufa na kutua chini kama mashapo. Mvinyo unaachwa ukae juu ya mashapo hayo gizani, kwenye ubaridi, miezi na miaka. Humo ndimo unapochukua harufu ya mkate uliotoka kwenye tanuru na ladha ya karanga. Sheria ya sasa ya Trento inataka miezi 15 kwa uchache, na chupa inayotaka kuitwa ya akiba inakaa miezi 36 au zaidi. Baadaye chupa zinawekwa kwenye vichanja vya mbao vyenye matundu, kichwa kikiinamishwa, na mtu anapita kuzizungusha kidogo kidogo kwa majuma kadhaa ili mashapo yashuke shingoni. Kisha shingo inagandishwa, kizibo kinatolewa, donge la mashapo linaruka nje, chupa inajaziwa na kuzibwa upya.

Mwenye haraka alikuwa na njia nyingine. Mwaka 1895 Mwitaliano Federico Martinotti alibuni namna ya kufanya uchachushaji wa pili ndani ya tangi kubwa badala ya chupa. Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907. Hiyo ndiyo njia inayotumika kutengeneza Prosecco nyingi za leo. Ni ya haraka, ni nafuu, na haina ubaya wowote kwa kinywaji kinachotaka kubaki na harufu ya tunda. Wala Giulio hakuwa Mwitaliano wa kwanza kuchachusha ndani ya chupa. Carlo Gancia alikwishafanya hivyo huko Canelli mwaka 1865, kwa zabibu tamu za Moscato. Lakini Giulio alitaka mvinyo mkavu wa Chardonnay ya milimani, unaoweza kukaa meza moja na Wafaransa. Tangi halikuwa jibu lake.

Kwetu Usukumani jambo hili halihitaji maelezo mengi. Bibi akivuna viazi vitamu hali vyote siku hiyo. Anakata michembe na kuianika, au anachemsha kwanza, anakata na kukausha, yanakuwa matobolwa. Kiazi kibichi ni cha wiki mbili tatu. Kilichokaushwa kwa utaratibu kinakusubiri mpaka kiangazi, na ladha yake imegeuka kuwa kitu kingine. Anayejua kusubiri anakula miezi ambayo wenzake wanakopa.

Chupa chache

Sasa, mtu mwenye elimu ya nchi tatu, mwenye kitu ambacho hakuna mwingine wilayani kwake, ungetegemea apanuke haraka. Giulio hakupanuka. Miaka hamsini baadaye bado alikuwa anatengeneza chupa zisizofika 10,000 kwa mwaka. Chupa moja inahitaji zaidi ya kilo moja ya zabibu, kwa hiyo unazungumzia mzigo ambao malori machache yangeubeba.

Wapo watakaosema huo ni uzembe wa biashara. Wana hoja. Mtu anaweza kujificha nyuma ya neno ubora huku ukweli ni kwamba anaogopa kukua. Lakini tazama mahesabu yake. Kila chupa ilikuwa inalala miaka kadhaa kabla ya kuuzwa. Ukiongeza idadi mara mbili leo, unahitaji ghala mara mbili, chupa mara mbili, na mtaji wa kukaa miaka bila kuona senti. Asiye na mtaji huo ana njia mbili: apunguze muda wa kusubiri, au apunguze idadi. Giulio alipunguza idadi. Jina lake likawa dogo kwa wingi na kubwa kwa heshima.

Wakati wote huo kwao hakukuwa shwari. Wanafunzi wa Trentino walikuwa wanadai chuo kikuu cha lugha yao ndani ya himaya. Novemba 1904, kitivo cha sheria cha Kiitaliano kilipofunguliwa Innsbruck, zilizuka vurugu kati ya Wajerumani na Waitaliano, kitivo kikafungwa, na wanafunzi wengi wa Kiitaliano wakakamatwa. Mmoja wa waliolala jela alikuwa Alcide De Gasperi, kijana wa Trentino aliyemzidi Giulio udogo kwa miaka miwili tu. Alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Italia baada ya vita ya pili ya dunia. Naweka hili kwa wanaserikali ya wanafunzi wanaosoma hapa: kizazi kimoja, nchi moja, mmoja alipigania lugha ya darasani, mwingine akashughulika na mche na chupa. Nchi ilihitaji wote wawili.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Trentino ikawa uwanja wa mapigano kati ya Austria na Italia. Vijana wake wengi walivalishwa sare za Austria na kupelekwa mbali mashariki kupigana na Warusi, na vijiji vingi vya karibu na mstari wa mbele vikahamishwa. Mwaka 1918 Trento ikaingia mikononi mwa Italia, na Giulio akawa raia wa nchi nyingine bila kuhama nyumba. Vita ya pili ilipokuja, ndege ziliushambulia mji wa Trento kwa mabomu kuanzia Septemba 1943. Mtu anayetengeneza kitu kinachohitaji miaka ya utulivu gizani aliishi katika nusu karne ambayo haikuwa na utulivu. Bado kampuni ilipona.

Mezani

Kosa la wengi ni kudhani mvinyo huu ni wa kupigia mlio tu na kumwagiana. Kwao Trento ni kinywaji cha chakula, na kanuni zake zinaeleweka hata na asiyekunywa, kwa sababu ni kanuni za jikoni.

Kanuni ya kwanza ni mafuta na uchachu. Ukila sato wa kukaanga pale Lamadi au Nyashimo, ukingo wa ziwa Victoria, kwa nini unakamulia ndimu? Kwa sababu mafuta yanafunika ulimi, na ndimu inausafisha ili tonge linalofuata liwe na ladha kama la kwanza. Mvinyo mkavu wenye povu unafanya kazi ya ndimu, na povu linasugua. Ndiyo maana unapendwa na samaki wa kukaanga. Kule milimani wanautumia na samaki trauti wa mito baridi.

Ya pili ni chumvi. Kitu chenye chumvi kinafanya uchachu uonekane laini. Watu wa Trentino wanakula paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi na moshi, na jibini ngumu ya maziwa ya ng'ombe wa milimani iliyokaa mwaka na zaidi. Dagaa wa kukaanga waliokolea chumvi wangeingia hapo bila kuulizwa kitambulisho.

Ya tatu ni uzito. Chupa changa inakwenda na vyakula vyepesi. Iliyolala miaka mingi ina uzito wake, nayo inataka uyoga, kuku wa mchuzi mzito, jibini iliyokomaa, au polenta yenye siagi. Ndiyo, ugali uleule wa maskini siku hizi uko kwenye migahawa ya bei kali, pembeni ya chupa ya Ferrari. Chakula hakikubadilika sana. Kilichobadilika ni kitoweo, na heshima ya anayekula.

Ya nne ni onyo. Mvinyo mkavu na keki tamu haviivi chungu kimoja. Sukari ya keki inaufanya mvinyo uonekane mchungu na mkali, na hilo ndilo kosa la kila harusi duniani. Keki inataka mvinyo mtamu, kama ule wa Moscato. Na pilipili kali haitaki povu, maana pombe na povu vinachochea moto badala ya kuuzima. Kwa pilipili, maziwa mgando yanatosha, na hayo Meatu yapo.

Mzee asiye na mrithi

Mwaka 1952 Giulio alikuwa amevuka miaka 70 na hakuwa na mtoto wa kumwachia kazi. Kampuni ilikuwa ndogo lakini jina lilikuwa na thamani, na wanunuzi wenye fedha hawakukosekana. Yeye akamchagua Bruno Lunelli, mwenye duka la mvinyo hapohapo Trento. Bei ilikuwa lira milioni 30, kiasi ambacho Lunelli hakuwa nacho mfukoni. Ilibidi aingie kwenye madeni, akiwa na familia ya watoto watano.

Makabidhiano yakafanyika, lakini mzee hakwenda kukaa barazani. Aliendelea kuja ghalani, akifanya kazi kwenye kampuni ambayo haikuwa yake tena, mpaka alipofariki mwaka 1965. Miaka hiyo 13 ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoiheshimu kuliko zote. Tunajua mambo yalivyo kwetu. Mtu akikabidhi ofisi anaondoka na funguo, mafaili na hata pazia. Fundi akizeeka anakufa na siri ya kazi, kwa sababu aliona kila mwanafunzi ni mpinzani. Giulio aliuza kampuni na elimu yake akaiacha ndani.

Lunelli aliongeza uzalishaji mpaka chupa zipatazo 100,000 bila kugeuza njia ya kazi. Watoto wake wakaendeleza. Mmoja wao, aliyesomea mvinyo, alitenga kimyakimya sehemu ya mavuno ya mwaka 1972 na kuiacha ilale muda mrefu kuliko ilivyozoeleka, ili aone Chardonnay ya milimani inaweza kuvumilia mpaka wapi. Ilipotoka miaka minane baadaye ilipewa jina la Giulio Ferrari, kama akiba ya mwanzilishi. Mwaka 1993 mvinyo wenye povu wa Trento uliochachushwa ndani ya chupa ukapata ulinzi wa kisheria wa jina lake. Leo wapo watengenezaji wengi kwenye mabonde hayo. Jimbo zima linakula kwenye wazo la kijana mmoja aliyerudi na miche.

Na sisi je?

Zabibu Tanzania tunazo. Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Trento hawezi hata kuliota. Wamisionari walizipanda kule Bihawana, na leo Hombolo, Mpunguzi na Makutupora ni majina ya zabibu. Lakini ipo misimu ambayo mkulima wa Dodoma anahangaika na mzigo kwa kukosa mnunuzi, na zabibu nyingi zinaishia kukamuliwa na kuuzwa kama mchuzi wa zabibu, bila jina la kijiji wala la mkulima. Anayeweka jina juu ya chupa ndiye anayekula faida.

Simiyu hatuna zabibu, tuna pamba, na hadithi ni hiyohiyo. Mkoa wetu unaongoza nchini kwa pamba. Mzazi anapanda Novemba na Desemba, anapalilia, anapulizia dawa, anavuna kuanzia Mei, anapeleka kwenye chama cha msingi. Viwanda vya kuchambua vinatenga nyuzi na mbegu. Baada ya hapo sehemu kubwa ya nyuzi inaondoka nchini, na shati tunalovaa siku ya mahafali limetengenezwa kwa watu. Jina la Bariadi halipo kwenye lebo yoyote.

Mifano midogo ipo. Vijana wa Maswa waliingia kwenye kutengeneza chaki, wenzao wa Meatu kwenye kusindika maziwa. Hakuna aliyewatungia wimbo. Lakini ukitazama Giulio alivyoanza mwaka 1902, hakuwa na ghala kubwa kuliko lao.

Sitaki kumaliza kwa kumwambia kila msomaji arudi kijijini kesho. Bumu likikatika na mkopo ukianza kudaiwa, ajira ya Dar es Salaam haina aibu. Giulio naye alikuwa na kitalu cha kumwingizia fedha wakati chupa zimelala, na bila kipato cha namna hiyo uvumilivu ni maneno tu. Ninachosema ni kwamba hakwenda Épernay kutafuta cheti. Alikwenda akiwa na kwao kichwani, akalinganisha udongo kwa udongo na ubaridi kwa ubaridi, mpaka akaona kitu ambacho wenyeji walikuwa wanakanyaga kila siku. Kati ya sisi tunaosoma uhasibu, kilimo, kemia na uhandisi, wangapi tunasikiliza mhadhara huku tukiwaza shamba la pamba la nyumbani? Aliyeko darasani ananakili slaidi ili apite UE. Pamba ya baba yake inapimwa Itilima kwa bei iliyopangwa na wengine, na mwaka huu pia atailipia ada.